Injini Izungukayo Bila Kuwaka

Hapana dereva asiyeijua taabu hii: ufunguo wazungushwa, stata yalia, injini yazunguka, lakini haiwaki. Mara watu wakusanyika, na kila mmoja ana shauri lake. Huyu asema, "Betri imekufa", yule asema, "Badili plagi."

Sisi nasi tulipata somo hili kwa gharama. Asubuhi moja tulikuwa tumeahidi kumpeleka mama mgonjwa hospitali, na motakaa yetu ikakataa kuwaka. Fundi tuliyemwita akatia betri mpya, kisha plagi 4 mpya, na injini isiwake. Muda wa saa 3 ukapita, hata mama yule akachukuliwa na jirani. Alasiri akaja fundi mwingine. Akasikiliza kidogo, akatoa fyuzi moja iliyokatika, isiyozidi ukucha kwa ukubwa, akatia nyingine. Injini ikawaka mara moja. Ilikuwa fyuzi ya pampu ya petroli. Tangu siku ile tumeshika kanuni hii: pima kwanza, ndipo ubadili.

Injini huhitaji nini?

Nikolaus Otto wa Ujerumani aliunda injini yake ya mapigo manne mwaka 1876, na njia yake ndiyo itumikayo hata leo. Injini huvuta hewa na petroli, huvishindilia ndani ya silinda, huviwasha kwa cheche, kisha hutoa moshi. Basi yahitaji mambo manne: petroli, hewa, cheche, na kushindiliwa, tena kila jambo lifike kwa wakati wake. Kazi ya stata ni kuzungusha tu. Ikiwa injini yazunguka vema, stata imekwisha kutimiza wajibu wake, na kosa yapasa litafutwe penginepo.

Jinsi ya kutafuta kosa

Kwanza, sikiliza mzunguko. Ukiwa mzito na wa polepole, hapo ndipo betri yastahili kushukiwa. Betri ya volti 12 ikishuka chini ya volti 10 hivi wakati stata inapofanya kazi, ni dhaifu. Yaweza kuzungusha injini, lakini isibakize nguvu ya kutosha kwa cheche. Mzunguko ukiwa mwepesi na wa upesi kuliko desturi, acha mara moja. Huenda mkanda wa taimingi umekatika, na katika injini nyingine pistoni hugonga valvu na kuziharibu.

Pili, tazama taa za mbele ya dereva. Taa yenye picha ya ufunguo au kufuli ikimetameta, yaelekea kinga ya wizi haikuutambua ufunguo wako. Jaribu ufunguo wa pili kabla ya kufungua kitu chochote.

Tatu, chunguza petroli. Usiiamini mishale ya kipimo peke yake, maana yaweza kukwama. Katika motakaa nyingi za siku hizi pampu imo ndani ya tangi. Ukifungua swichi bila kupiga stata, mara nyingi utasikia mvumo mdogo upande wa nyuma kwa sekunde 2 hivi. Usiposikia kitu, angalia fyuzi ya pampu. Fyuzi mpya nayo ikikatika, usitie kubwa zaidi. Waya umegusana mahali, nao hauna budi kutafutwa.

Nne, chunguza cheche. Plagi ikitoka imelowa petroli, petroli yafika bali haiungui. Ama cheche haipo, ama injini imefurika. Iliyofurika hunuka petroli. Ingoje kidogo, kisha kanyaga kichapuzi mpaka chini huku ukipiga stata. Lakini usishike waya wa plagi kwa mkono: umeme wake waweza kuzidi volti 20,000. Kipimo cha cheche na kifanywe na fundi.

Tano, kumbuka hewa. Chujio lililojaa vumbi, au kiota cha panya katika mfereji wa hewa, huisonga injini.

Injini ya dizeli

Injini ya Rudolf Diesel, iliyofanya kazi vema mwaka 1897, haina plagi za cheche. Hewa hushindiliwa sana hata ikawa na joto la kuwasha mafuta. Kwa hiyo usitafute cheche. Tafuta hewa iliyoingia katika mabomba, hasa kama mafuta yalikwisha njiani. Itoe kwa pampu ya mkono. Tazama pia maji katika chujio, na, kukiwa na baridi, plagi za kupasha joto.

Maonyo

Usipige stata zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja. Ipumzishe kidogo, isiungue. Penye harufu ya petroli pasiwe na sigara wala taa ya moto. Tena mwambie fundi uliyoyaona na kuyasikia, wala usimwambie abadili nini. Kwa maana atafutaye kwa mpango hugharimu kidogo kuliko abahatishaye.

Maswali ya kujifunza

1. Injini ikizunguka vema bila kuwaka, kwa nini betri isiwe ya kwanza kubadilishwa?
2. Mvumo wa pampu usiposikika, utaangalia nini?
3. Kwa nini cheche haitafutwi katika injini ya dizeli?