Je, Mawazo Hupandisha Sukari?

Ndugu wanafunzi, mitaani kwetu husikika mara kwa mara: "Fulani kapata sukari kwa mawazo." Tumeona tulizungumze jambo hili, kwani wamo miongoni mwenu wenye maradhi haya, na wengi zaidi wana mzazi au bibi anayeishi nayo.

Fikra yenyewe si ngeni. Tabibu wa Kiingereza Thomas Willis aliandika katika karne ya 17 kwamba huzuni ya muda mrefu huleta kisukari. Ama aliyelipima jambo hilo ni Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1911 yeye na wenzake walionyesha kuwa paka waliotiwa hofu hutoa sukari katika mkojo. Mwaka 1913 wakapimwa wachezaji 25 wa futiboli ya Kimarekani baada ya mechi kubwa. Waliokutwa na sukari ni 12, na 5 kati yao walikuwa wa akiba, hawakuingia uwanjani kabisa! Basi si mbio zilizowapandisha sukari, ni roho juu tu. Wakapimwa pia wanafunzi 9 wa udaktari: baada ya mtihani mgumu, 4 walikuwa na sukari katika mkojo, baada ya mtihani mwepesi, 1 tu. (Wanaosubiri imtihani ya mwisho wa mwaka hawahitaji sherehe ya maneno haya.)

Sababu ni hii. Mtu akishtuka au akiwa na dhiki, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli. Homoni hizi huliamuru ini litoe sukari iliyowekwa akiba, ili misuli ipate nguvu ya kukimbia au kupigana. Kwa mwenye afya, kongosho hutoa insulini na sukari hushuka. Kwa mwenye kisukari, insulini haipo, haitoshi, au haifanyi kazi sawasawa, hivyo sukari hubaki juu. Tena mwenye dhiki hulala vibaya, husahau dawa na hula ovyo.

Hata hivyo tusizidishe. Kisukari cha aina ya 1 huja pale kinga ya mwili inaposhambulia seli zinazotengeneza insulini. Si haki kumwambia mama kwamba mtoto wake ameugua kwa ugomvi wa nyumbani. Katika aina ya 2, dhiki ya muda mrefu inaweza kuchangia, lakini pamoja na urithi, unene na kukaa bila kuushughulisha mwili.

Lipo jambo linalotuchanganya hata sisi walimu. Adrenalini hutoka pia sukari inaposhuka mno, hasa kwa anayedunga insulini. Mwanafunzi amesimama kusoma mbele ya wenzake, anatetemeka, jasho linamtoka, moyo unamwenda mbio. Tukadhani ni woga. Akiwa ana kisukari, msimwambie ajikaze. Apimwe. Ikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita, au kipimo hakipo, apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au soda ya kawaida nusu glasi, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.