Tusihesabu kwa kukisia

Mkulima hawezi kujua kama chakula kitafika mavuno yajayo bila kuchungulia ghalani. Elimu nayo ni hivyo hivyo.

Mwaka 1967, kati ya kila watu wazima 100 wa Tanzania, 67 hawakujua kusoma na kuandika. Kisomo kikaanza. Agosti 1975 ulifanyika mtihani wa taifa, ikaonekana wamebaki 39. Mwaka 1986 wakabaki kama 10 tu. Tukashangilia, na madarasa mengi yakafa. Sensa ya mwaka 2012 ikatuonyesha wasiojua ni 22! Bila kuhesabu, tungedhani ujinga umekwisha.

Kazi hii inataka fedha: karatasi, nauli, wasimamizi, na wataalamu wa kutafuta sababu. Basi Serikali itenge fedha hizo kila mwaka. Na sisi je? Tutunze rejista ya kisomo, tukiulizwa tuseme kweli. Rejista ya uongo hupeleka vitabu kusiko na wanafunzi.

Maswali ya kujadili:
1. Kijijini kwenu, watu wazima wangapi hawajui kusoma?
2. Mmejuaje? Mmehesabu au mmekisia?