Kuku wa mayai wenye kutembea inje: namna ya kuwakinga na homa ya ndege

Wandugu wa koperative, kufuga kuku wa mayai wenye kutembea inje kuko na faida. Wanajitafutia majani, muchwa na wadudu, na chakula cha kununua kinapunguka. Lakini kuku mwenye kutembea anakutana na magonjwa mingi. Somo hili linaonyesha namna ya kuendelea kuwatoa inje bila kuachia homa ya ndege mulango wazi.

Ugonjwa huu hauko wa mbali. Mwezi wa kwanza wa 2017, kwa jirani zetu Uganda, ndege wa pori walikufa kando ya Ziwa Victoria, kisha bata na kuku wa watu. Mwaka ule ule homa ikaonekana kwetu Ituri, katika vijiji vya kando ya Ziwa Albert. Virusi ilikuwa ya aina ya H5N8.

INAINGIA KWA NJIA GANI?

Ndege wa majini, zaidi sana bata wa pori, wanabeba virusi ndani ya matumbo, na mara mingi hawaonekane wagonjwa. Wanaitoa katika mavi, na mavi inaanguka ku maji na ku majani. Bata wako wa nyumbani anaogelea pale asubuhi, mangaribi anarudia kulala pamoja na kuku. Yeye anaweza kubaki muzima, lakini kuku wanakufa.

Njia ya pili ni sisi wenyewe: mavi yenye kushika ku viatu, ku mipira ya moto, ku vitunga na ku plato za mayai zenye kutoka soko. Basi kazi yote ni moja: mavi ya ndege wengine isifike ku kinywa cha kuku wetu.

MAMBO YA KUFANYA KILA SIKU

1. Maji na chakula viwe ndani, chini ya manjanja ao nyasi. Chakula chenye kumwangwa inje kinaita ndege wa pori. Maji yatoke ku chemchem ao kisima, hapana ku kinamasi.

2. Bata na kuku wasilale pamoja, wasinywe pamoja. Hii ndiyo kazi yenye watu wanasahau zaidi.

3. Muzungushe lupango mahali pakavu, mbali na maji yenye kusimama. Mutayarishe pia nyumba yenye kuwatosha kuku wote, wasipite tano kwa metre moja ya mraba. Siku homa inasikika karibu, kuku wanabaki ndani, na nyinyi munawaletea majani.

4. Ku mulango wa nyumba ya kuku, muweke viatu vyenye havitoke pale. Kama hamuna, musafishe viatu kwa maji na sabuni kwanza, kisha javeli. Javeli juu ya mavi haifanye kazi.

5. Kuku mupya akae peke yake siku 14. Hata kuku wako mwenye alienda soko na hakuuzwa, naye akirudi ni mugeni. Muwalishe wageni mwisho, kisha munawe mikono.

6. Muchuruzi wa mayai asiingie mu lupango. Mumupelekee mayai ku barabara. Plato za karatasi zenye zimekwisha kuzunguka soko zisirudie kwenu.

Chanjo ya Newcastle muendelee nayo, lakini haikinge na homa ya ndege. Magonjwa hayo mawili yanafanana sana kwa macho, na ni laboratware tu yenye kuyatenganisha.

KUKU WAKIANZA KUFA

Mayai yanapunguka kwa gafula ao yanakuwa na ganda laini. Kichwa kinavimba, kilemba kinakuwa cha bluu, mavi inakuwa ya majani, shingo inapinda. Wakati mwingine hakuna alama hata moja: wengi wanakufa kwa siku moja ao mbili. Mufungie wenye kubaki, mujulishe munganga wa mifugo na shefu wa kijiji siku ileile. Musimupasue mwenye kufa, musimule, musimutupe ziwani. Munganga akikwisha kuchukua vipimo, wafu wazikwe katika shimo refu, mbali na maji, na watoto wasikaribie. Aina zingine za homa hii zinaambukiza watu na kuwaua. Mwenye kugusa kuku wagonjwa na kisha anasikia homa, aende ku santé na aseme aligusa kuku.

“AGRONOME, SI NIUZE WENYE KUBAKI?”

Wamama wananiuliza hivyo, na hiyo si ulizo la mutu mubaya. Pesa ya mayai ndiyo inalipa masomo ya watoto. Lakini kuku mwenye kuonekana muzima leo anaweza kuwa amekwisha kuambukizwa. Ukimuuza, ugonjwa unaenda naye ku mulango wa mwingine, na kisha soko inakataa mayai ya koperative yote. Mumoja ameokoa kuku kumi, wote wamepoteza.

Ni kweli pia kama mwenye kusema wa kwanza ndiye anaumia wa kwanza. Akijua atabaki peke yake, atanyamaza. Kwa hiyo musingojee ugonjwa. Mukate shauri sasa: kila mumoja aweke pesa kidogo ku kila plato yenye ameuza, na sanduku hilo limusaidie kurudilia ufugaji ule mwenye alijulisha upesi. Mwenye kuficha na kuuza, asipewe kitu.

MAULIZO YA MUKUTANO

– Kwetu, ni nani anafuga bata na kuku pamoja? Tutawatenga namna gani?
– Namba ya simu ya munganga wa mifugo iko kwa nani?
– Tuweke ngapi ku kila plato, na nani atachunga sanduku?