Sabufa isiyojitangaza

Sabufa iliyofungwa vizuri haijitangazi. Besi unaisikia, lakini masikio yanakuambia inatoka kwenye spika za mbele. Ukifumba macho na bado ukaweza kuonyesha kwa kidole lilipo boksi lenyewe, kuna kitu hakijakaa sawa, na mara nyingi si ubovu wa sabufa.

Nazungumzia sabufa yenye amplifaya yake ndani. Nyuma ya risiva tafuta tundu lililoandikwa SUB OUT. Waya mmoja wa RCA kutoka hapo hadi kwenye tundu la LFE la sabufa unatosha. Amplifaya za zamani hazina tundu hilo, ila sabufa nyingi zina sehemu ya kupokea nyaya za spika: vuta nyaya kutoka kwenye vibanio vya spika vya amplifaya, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, na spika zako zibaki zilipo. Zima kila kitu kwanza. Nyuzi za shaba zikigusana, amplifaya inaweza kuungua.

Kwenye menyu ya risiva, chagua Small kwa spika zote, hata zile ndefu za kujivunia sebuleni, na mpaka uwe 80 Hz: chini ya hapo sabufa, juu ya hapo spika. Spika ndogo sana huhitaji mpaka wa juu zaidi, hadi 120 Hz. Kitufe cha masafa cha sabufa yenyewe kizungushe hadi mwisho, maana risiva imeshakata. Kukata mara mbili kunakula sehemu ya besi. Ukiwa umetumia nyaya za spika, kitufe hicho ndicho kitakachofanya kazi.

Sasa pa kuiweka, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Wimbi la 40 Hz lina urefu wa karibu mita 8.5. Kwenye sebule ya mita 4 linagonga ukuta, linarudi na kukutana na wenzake, hivyo mahali pamoja mdundo unajaa na hatua mbili mbele unatoweka. Wengi husukumia sabufa kwenye kona kwa sababu kona inaongeza nguvu. Ni kweli inaongeza, ila kwenye nyumba ya matofali nguvu hiyo hugeuka ngurumo ya noti moja. Fanya hivi: weka sabufa kwenye kochi unalokalia, piga wimbo ambao gitaa la besi linapanda na kushuka, kisha tambaa kando ya kuta, kichwa karibu na sakafu. Watoto watacheka, waache. Pale ambapo kila noti ina uzito sawa na mwenzake, ndipo pa kuiweka.

Ikishakaa, rudi kwenye kochi, mtu akubadilishie swichi ya fezi kati ya 0 na 180. Chagua upande ambao besi imejaa zaidi. Sauti ya sabufa anzia robo, upandishe taratibu.

Ikivuma hata muziki ukiwa kimya, chomeka sabufa na risiva kwenye ekstensheni moja. Usikubali fundi akung'olee pini ya ethi ili kuinyamazisha: pini hiyo inakulinda usipigwe shoti.