Kobe wa Maji Naye Anataka Mboga

Wanachuo wenzangu, hasa sisi wa Kigoma na Ujiji, tunawajua kobe wa maji wanaofugwa kwenye beseni uani. Wengi wanalishwa minofu ya migebuka tu, asubuhi hadi jioni. Hapo ndipo shida inapoanza.

Kobe wa Ziwa Tanganyika aitwaye Pelusios sinuatus hula konokono, wadudu, samaki na mimea kidogo. Konokono humpa kalsiamu ya kujenga gamba. Minofu haina mifupa, hivyo kalsiamu ni haba na gamba hulainika. Vitamini A nayo ikipungua, kope huvimba, kobe haoni, na asipoona hali.

Majani yanasaidia hapa: yana karotini, ambayo mwili huweza kuigeuza kuwa vitamini A. Ila si kila jani. Mchicha na spinachi zina oksaleti inayoshika kalsiamu isitumike, kwa hiyo mpe mara mojamoja. Sukuma wiki ni afadhali. Badala ya minofu, mpe dagaa mzima asiye na chumvi, na konokono.

Umri nao una maana. Yule kobe wa Marekani mwenye alama nyekundu masikioni hula nyama zaidi akiwa mdogo, kisha huongeza majani akikua.

Kumbuka pia Sheria ya Wanyamapori ya 2009: kobe wa porini hakamatwi bila kibali.

Swali la kujipima: kwa nini dagaa mzima anamfaa kobe kuliko mnofu?