Dondoo Muhimu: Kodi ya Arizona Ichangie Shule

Unalipa kodi ya mapato ya jimbo la Arizona? Shule ya umma unayoichangia inaweza kukupunguzia kodi hiyo, dola kwa dola: hadi dola 200 kwa anayejaza fomu peke yake, 400 kwa wanandoa wanaojaza pamoja. Si lazima uwe na mtoto pale.

• Pesa ziende kwenye shughuli za ziada: michezo, muziki, safari za kimasomo. Ada ya safari ya mwanao nayo huhesabika, jambo ambalo wazazi wengi wanaweza kupitwa nalo bila kujua.

• Ukichanga kati ya Januari 1 na Aprili 15, unaweza kuuhesabu mchango huo kwenye kodi ya mwaka uliopita.

• Hurudishiwi taslimu. Ukidaiwa kodi ya dola 120 na umechanga 200, zile 80 zinasubiri mwaka ujao. Zina miaka 5, kisha zinapotea.

• Dai risiti na namba ya shule yenye tarakimu tisa. Fomu 322, ya kudai punguzo hili, itaiuliza.