MAX THEILER NA DAMU YA ASIBI
(Somo la biolojia)

Wengi wetu tuko na karatasi ndogo ya manjano ndani ya sanduku nyumbani. Ukitaka kuvuka mpaka, watu wa afya wanaiomba kwanza, kabla hata ya kukuuliza jina. Ndani yake wameandika tarehe ya shindano la homa ya manjano. Leo tutazungumza juu ya mtu aliyetafuta chanjo ile, Max Theiler, na zaidi juu ya namna alivyofanya kazi. Wanafunzi wa biolojia-kemia wasome polepole. Ninyi wa pedagojia pia msiruke ukurasa.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Homa ya manjano inaletwa na virusi, na virusi hivi vinabebwa na mbu. Lakini si mbu wa malaria anayeuma usiku, hapana. Katika miji ni mbu mwingine, Aedes aegypti, mweusi mwenye alama nyeupe miguuni. Anauma mchana, na anataga mayai yake katika maji ya mitungi, makopo na mipira ya gari iliyotupwa nyuma ya nyumba. Katika pori virusi vinazunguka kati ya makako na mbu wa juu ya miti. Mtu akiumwa, siku chache zinapita, kisha homa inampanda, kichwa na mgongo vinamuuma, anatapika. Wengi wanapona hapo. Kwa wengine homa inarudi, ini linaharibika, macho yanakuwa manjano, damu inatoka, na karibu nusu ya hao wanakufa. Hata leo hakuna dawa iliyokubaliwa ya kuua virusi hivi mwilini. Ndiyo maana yote yanategemea kinga.

Theiler alizaliwa Pretoria, Afrika ya Kusini, mwaka 1899. Baba yake, Arnold Theiler, alikuwa munganga wa nyama, mtu wa Uswisi mwenye sifa kubwa. Mtoto alisoma Cape Town, kisha London, akapata diploma ya uganga mwaka 1922, na mwaka uleule akaenda Marekani kufanya kazi katika chuo cha Harvard. Doktora hakuipata maisha yake yote. Tunaandika hili kwa ajili ya ndugu zetu wanaopenda kuhesabu diploma za watu.

Siku zile profesa mmoja mwenye jina kubwa, Hideyo Noguchi, alikuwa amesema kwamba homa ya manjano inaletwa na mikrobe ya namna ya leptospira. Watu walimwamini. Theiler na mwenzake Andrew Sellards walipima mikrobe ile wakakuta ni ileile ya ugonjwa mwingine, ugonjwa wa Weil, ambao nao unageuza macho kuwa manjano. Kijana wa miaka 27 kumpinga mzee kama yule si jambo dogo. Katika mwaka wa 1926 na 1927 Theiler alikuwa pia katika safari ya waganga wa Harvard waliopita Liberia na Kongo ya Wabeleji, kwa hiyo miguu yake ilikanyaga inchi yetu.

Sasa tuje kwa Asibi. Mwezi wa 6 mwaka 1927, katika inchi inayoitwa leo Ghana, kijana wa miaka 28 jina lake Asibi alishikwa na homa. Waganga wa Rockefeller waliokuwa wanatafuta ugonjwa huu Afrika ya Magharibi wakamtoa damu kidogo, wakaipiga katika mwili wa makako wa Asia, aina ya rhesus. Makako akafa kwa homa ya manjano. Kwa mara ya kwanza walikuwa na mnyama wa kufanyia majaribio, na walionyesha kwamba mleta ugonjwa anapita katika chujio ambalo mikrobe za kawaida haziwezi kupita. Kumbe ni virusi. Asibi mwenyewe alipona. Adrian Stokes, aliyeongoza majaribio yale, alishikwa na ugonjwa uleule akafa Lagos mwaka 1927. Noguchi alikuja Accra kutetea maneno yake, naye akafa kwa homa ya manjano mwaka 1928, na mwenzake William Young akamfuata siku chache baadaye. Ndiyo bei waliyolipa.

Juu ya nini basi kazi haikwenda mbio? Kwa sababu ya makako. Makako wale wanatoka mbali, bei yao ni kali, wanakula mingi, tena wanauma. Ukitaka kujaribu jambo moja mara mia, utapata wapi makako mia? Hapo ndipo Theiler alileta akili yake. Alichukua panya weupe wa laboratwari, akawapiga virusi moja kwa moja ndani ya ubongo. Ini la panya halikuguswa, lakini walikufa kwa ugonjwa wa ubongo. Alitangaza jambo hili mwaka 1930, na wengine walikuwa na mashaka: je, ugonjwa usiogusa ini ni homa ya manjano kweli? Kabla ya hapo, mwaka 1929, Theiler mwenyewe alikuwa ameambukizwa katika laboratwari. Aliugua, akapona, akabaki na kinga.

Tusimame kidogo hapa, sababu panya huyu anafaa mambo mawili.

La kwanza ni kuuliza damu. Mtu aliyepona homa ya manjano ana walinzi katika maji ya damu yake, ndiyo serumu. Unachanganya serumu hiyo na virusi, unampiga panya mchanganyiko. Panya akiishi, damu ile ilikuwa na walinzi waliofunga virusi. Akikufa, mtu yule hajapata ugonjwa wala chanjo. Kwa njia hii watafuta elimu walikusanya damu Afrika na Amerika ya Kusini, wakachora ramani ya mahali ugonjwa ulipopita, hata pale ambapo hakuna munganga aliyewahi kuuona. Sisi tunaona kazi hii inastahili sifa sawasawa na chanjo yenyewe, ingawa watu hawaikumbuki sana.

La pili ni kubadilisha virusi. Theiler aliona kwamba virusi vikihamishwa toka ubongo wa panya huyu mpaka wa panya yule, mara nyingi, vinakuwa vikali zaidi kwa ubongo, lakini vinapoteza nguvu ya kuharibu ini la makako. Wafaransa wa Dakar walitengeneza chanjo kwa njia hiyo. Ilikinga watu wengi, lakini watoto wengine walipata ugonjwa wa ubongo, na mwaka 1982 iliachwa. Theiler alitaka virusi visivyodhuru ini wala ubongo. Toka mwaka 1930 alikuwa New York, katika laboratwari ya Rockefeller. Pale yeye na wenzake, kama Hugh Smith, walichukua virusi vilevile vya Asibi, wakavikuza ndani ya chupa: kwanza katika nyama ya panya wasiozaliwa bado, kisha katika vifaranga wasiotoka yaini, mwishowe katika vifaranga waliotolewa ubongo na uti wa mgongo. Kila siku chache, chupa mpya. Kati ya uhamisho wa 89 na wa 114 virusi vilibadilika. Makako aliyepigwa ndani ya ubongo hakufa, tena alipata kinga. Walipojaribu kurudia njia ileile toka mwanzo, haikutoka tena. Virusi vile wakaviita 17D. Mwaka 1987 wataalamu walisoma urithi wa virusi hivyo wakaona herufi 68 tu zimetofautiana na za Asibi, kati ya herufi karibu 11,000.

Mwaka 1937 chanjo ilianza kujaribiwa Brazil, na mpaka 1939 watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamechanjwa pale. Lakini njia haikuwa nyoofu. Mwaka 1942 askari wa Marekani maelfu na maelfu walipata ugonjwa wa ini kutokana na shindano lile. Virusi vya chanjo havikuwa na kosa. Serumu ya watu iliyochanganywa ndani ili chanjo isiharibike ndiyo iliyobeba virusi vya hepatiti B. Serumu ikaondolewa.

Theiler alipata zawadi ya Nobel mwaka 1951, peke yake. Alichunguza pia virusi vinavyopoozesha panya, ambavyo vinaitwa kwa jina lake, kisha dengue na vingine vya mbu. Alikufa mwaka 1972. Chanjo za homa ya manjano zinazotumika leo zimezaliwa na 17D, maana yake na damu ile ya kijana Asibi.

Sasa turudi kwetu. Mwezi wa 12 mwaka 2015 homa ya manjano ililipuka Luanda, Angola, ikavuka mpaka na kuingia Kongo. Chanjo inakuzwa katika mayai ya kuku mpaka leo, na kuitengeneza kunachukua miezi mingi. Kinshasa iko na watu mamilioni, na akiba ya dunia ilikuwa milioni chache tu. Ndipo walipoamua kugawa shindano moja kwa watu watano: badala ya mililita 0.5, kila mtu 0.1. Watoto wa chini ya miaka 2 na wanawake wenye mimba walipewa yote kamili. Katika mwezi wa 8 mwaka 2016 watu zaidi ya milioni 7 walichanjwa hivyo Kinshasa.

Je, sehemu ya tano inatosha? Watafuta elimu wa Kongo na wenzao walifuata watu 716 na kupima damu yao mbele ya shindano na mwezi mmoja nyuma yake. Kati yao 493 hawakuwa na walinzi hapo mwanzo. Kwa hao, asilimia 98 walikuwa nao baada ya shindano. Kipimo hakikutumia panya tena, ni chembe hai zilizokuzwa katika sahani. Unachanganya serumu ya mtu na virusi, unamwaga juu ya chembe, unangoja siku chache, kisha unahesabu madoa, pale ambapo chembe zimekufa.